Kicheko Kabla ya Historia: Usawiri wa Mhusika Mkuu na Mabadiliko ya Toni katika Trigun

UTANGULIZI

Msanii anayesimulia habari za mtu mwenye mambo mazito nyuma yake hana budi kuamua ni lini mambo hayo yajulikane. Akiyatoa mwanzoni, hadhira humpokea mhusika ikiwa imekwisha kumhurumia au kumchukia. Akiyatoa mwishoni, hadithi nzima hugeuka kuwa kitendawili, na kitendawili kikishateguliwa hakina haja ya kutegwa tena. Akiyatoa katikati, hujitwika kazi iliyo ngumu kuliko zote, maana huilazimisha hadhira irudi nyuma na kuyapima upya yale iliyokwisha kuyahukumu. Uamuzi huo ni wa fani, lakini matokeo yake huingia moja kwa moja katika maudhui.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo katika Trigun, mfululizo wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, uliotengenezwa na studio ya Madhouse chini ya uelekezaji wa Satoshi Nishimura na kuonyeshwa na TV Tokyo mwaka 1998 katika sehemu 26. Chanzo chake ni manga, yaani hadithi ya picha, ya Yasuhiro Nightow iliyoanza kuchapishwa mwaka 1995. Jarida lililoichapisha lilipokoma, Nightow aliiendeleza kwingine kwa jina la Trigun Maximum, na hakuimaliza hadi mwaka 2007. Kwa hiyo Yosuke Kuroda, aliyeandika mchezo wa televisheni, alikuwa na mwanzo wa hadithi mkononi bila ya mwisho wake. Mpangilio unaojadiliwa hapa, hasa jinsi unavyohitimishwa, ni kwa sehemu kubwa kazi ya mfululizo wenyewe.

Lawama inayoelekezwa aghalabu kwa Trigun ni kwamba ni kazi mbili zilizoshonwa kwa uzi mmoja: nusu ya kwanza ni futuhi, nusu ya pili ni tanzia, na mshono unaonekana. Hoja ya makala haya ni kwamba mshono huo upo na umekusudiwa. Toni hubadilika kwa sababu ujuzi wa mtazamaji juu ya mhusika mkuu umebadilika, na kicheko cha mwanzo, kikitazamwa tena, huonekana kuwa sehemu ya historia iliyofichwa. Hata hivyo, ufichuzi huo huacha deni la kimaadili, na deni hilo mfululizo haulilipi lote.

UVUMI NA KICHEKO

Hadithi yatokea katika sayari ya jangwa yenye jua mbili, ambako binadamu huishi kwa kutegemea vyombo vikubwa vya kioo, mfano wa balbu, vyenye viumbe hai ndani yake vitoavyo nguvu za kuendesha miji. Katika nchi hiyo kuna mpiga bastola aitwaye Vash the Stampede. Anasemwa kuwa aliuangamiza mji mzima wa July, amepewa lakabu ya tufani yenye umbo la binadamu, na atakayemkamata ameahidiwa dola maradufu bilioni 60. Mawakala wawili wa kampuni ya bima, Meryl Stryfe na Milly Thompson, wanatumwa kumtafuta ili hasara anazosababisha zipunguzwe.

Inafaa kuangalia kwa makini jinsi mhusika huyu anavyoingizwa. Sifa zake hufika kabla yake. Meryl na Milly husikia habari za mtu wa kutisha, kisha hukutana na kijana mrefu mwenye koti jekundu, mpenda donati, mwoga wa kujionyesha, anayelia kwa sauti akitishwa na kuwatongoza wanawake bila mafanikio. Meryl anakataa katakata kwamba huyu ndiye Vash. Mtazamaji naye humcheka Meryl kwa kutoona, na wakati uo huo huungana naye, kwa maana hata yeye haoni uhusiano wowote kati ya jina na mwenye jina.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nusu ya kwanza ya Trigun imejengwa juu ya kuifanyia mzaha hekima hiyo. Kila panapotokea uharibifu, mtazamaji huonyeshwa kwamba waharibifu ni wale wanaomwinda Vash kwa tamaa ya fedha, na kwamba yeye alikuwa mbioni kumwepusha mtu fulani na risasi. Katika sehemu ya 5 watu wa mji mmoja maskini, waliokata tamaa, wanamgeukia wote kwa pamoja ili wapate ile zawadi, na yeye, badala ya kuwalipiza, anawatetea dhidi ya wahalifu waliokuja kwa shabaha ile ile. Kwa njia hii mtazamaji hufundishwa fikira moja iliyo rahisi: kwamba lisemwalo halipo. Vash ni mtu mwema aliyesingiziwa, na jina lake ni kosa la watu.

Fikira hiyo ndiyo mtego wa mfululizo huu. Kicheko humfanya mtazamaji ajione mwerevu kuliko wanaomwogopa Vash. Kisha sehemu ya 6 huleta Elizabeth, mhandisi aliyesalimika utotoni katika maangamizi ya July, ambaye anataka kulipiza kisasi. Hapa kwa mara ya kwanza uvumi unapata uso wa mtu na msiba wake. Vash hamkanushi. Toni ya sehemu hiyo huteleza kidogo kisha hurejea katika mzaha, lakini swali limekwisha kupandwa: ikiwa lisemwalo halipo, mbona asiyesema ndiye anayesemwa?

NYUFA KATIKA KICHEKO

Mabadiliko ya toni katika Trigun hayaji kwa ghafla kama lawama iliyotajwa inavyodai. Kabla ya historia kufichuliwa, kuna nyufa ambazo mtazamaji wa mara ya kwanza huzipita na mtazamaji wa mara ya pili huziona zote. Ufa ulio mkubwa kuliko mingine ni Nicholas D. Wolfwood, kasisi asafiriye na msalaba mzito ambao ndani yake mna silaha. Mapema katika kufahamiana kwao, Wolfwood anamwambia Vash kwamba tabasamu lake ni tupu na linamwumiza anayelitazama. Huyu ni mhusika wa kwanza kusoma kicheko kama vazi. Wengine wote walikuwa wakijadili kama mcheshi huyu ni Vash au siye. Wolfwood peke yake ndiye aliyeuliza anacheka kwa sababu gani.

Kuanzia sehemu ya 12, anapotokea Legato Bluesummers na kikosi chake cha wauaji wa kukodiwa, adui huanza kujua jambo ambalo mtazamaji halijui. Kwa upande wa usimulizi hili ni badiliko kubwa. Hapo awali mtazamaji alijua zaidi ya wahusika. Sasa wahusika wanajua zaidi ya mtazamaji. Kinaya kimegeuzwa upande. Mzaha haujakoma, ila mahali pake pamepungua, kwa sababu mzaha wa sehemu za mwanzo ulitegemea ule ujuzi wa ziada ambao sasa mtazamaji amenyang'anywa.

Katika sehemu ya 16 mambo yafikia kilele. Nguvu iliyomo katika mkono wa Vash yaamshwa pasipo hiari yake. Mji wa Augusta waangamia, na shimo kubwa labaki katika mwezi wa tano wa sayari ile. Mtazamaji ameona kwa macho yake. Lisemwalo lipo. Mtu aliyesingiziwa hakusingiziwa kabisa: jambo lililosemwa ni la kweli, na nia iliyodhaniwa ndiyo ya uongo. Tofauti hiyo kati ya tendo na nia ndiyo mada kuu ya mfululizo, na isingeweza kuhisiwa kwa uzito wake kama mtazamaji hangekuwa ametumia sehemu 15 akiicheka.

SEHEMU YA 17 NA NAFASI YAKE

Kisengerenyuma chafuata mara moja. Sehemu ya 17 yote yapita ndani ya chombo cha angani kilichobeba binadamu waliolazwa usingizi wa baridi, wakitafuta makao mapya. Vash na ndugu yake pacha, Knives, ni watoto wasio wa kawaida waliolelewa na Rem Saverem, mmoja wa mabaharia wachache walio macho. Hapa hakuna donati wala vituko. Watoto wanaona kipepeo aliyenaswa katika utando wa buibui. Vash anataka kumwokoa kipepeo. Knives anamwua buibui na kueleza kwamba ukimwacha buibui kipepeo ataliwa, na ukimnyima buibui chakula atakufa njaa, hivyo ni lazima kuchagua. Vash anamrukia kwa hasira, kwa sababu alitaka kuwaokoa wote wawili. Baadaye Knives anaufanyia ubinadamu lile alilomfanyia buibui: anavuruga safari ya msafara mzima. Rem anawatia watoto katika chombo cha kuokolea, kisha yeye anabaki nyuma ili vyombo vingine vinusurike, na anaangamia.

Uwezo wa sehemu hii hautokani na huzuni yake peke yake. Unatokana na mahali ilipowekwa. Imetanguliwa na maangamizi ya Augusta, na imefuatwa na sehemu ya 18 ambamo Vash anaishi mafichoni kwa jina la Eriks, akihifadhiwa na msichana Lina na bibi yake. Kwa hiyo kisengerenyuma kinajaza pengo la kutoweka kwake. Mtazamaji aliyetaka kumwuliza Vash anajisikiaje baada ya Augusta hajibiwi kwa maneno. Anapelekwa kwa Rem. Jibu ni kwamba mtu huyu ameangamiza kile alichokabidhiwa na mfu akilinde.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952. Humo pia kuna siri ya mtu mwema: liwali aliye maarufu kwa uadilifu anaonekana akiwachapa manyani wawili usiku, na fumbo hilo laeleweka tu asimuliapo habari za ndugu zake waliotaka kumwangamiza. Ulinganisho huu una mipaka, lakini waonyesha tofauti yenye maana. Adili husimulia mbele ya Mfalme Rai, na penye mfalme pana hukumu. Historia yake ni ushahidi, na mwisho wake ni msamaha unaotangazwa hadharani. Katika sehemu ya 17 ya Trigun hakuna mfalme wala baraza. Historia yatolewa mbele ya mtazamaji peke yake, na watu wa sayari ile wanaendelea kumjua Vash kwa uvumi tu. Mzigo wa hukumu umetupwa kwa yule aliyekuwa akicheka.

Hapo ndipo futuhi ya mwanzo inapopata maana mpya. Msisitizo wa Vash juu ya upendo na amani, ambao mwanzoni ulisikika kama mzaha wa mlevi, ni urithi wa Rem. Ubingwa wake wa kupiga bastola, uliotumika kuwanyang'anya watu silaha bila ya kuwaua, ni ile azma ya mtoto aliyetaka buibui na kipepeo wote waishi. Hata ujinga wake wa kujifanya una kazi: mtu anayechekwa haogopwi, na asiyeogopwa hupewa nafasi ya kusogea karibu. Futuhi katika Trigun ni mkakati wa mhusika wa kuishi na jina lake.

HISTORIA MBILI

Yafaa kutambua kwamba mfululizo huu una historia mbili za Vash. Ya kwanza ni ile anayoikumbuka, yaani Rem na chombo cha angani. Ya pili ni ile asiyoikumbuka, yaani July, mji ambao kuangamia kwake kumefutika katika kumbukumbu yake. Ya kwanza huelezea wema wake na hutolewa katika sehemu ya 17. Ya pili huelezea sifa yake mbaya na haikamiliki hadi sehemu ya 26, iliyo ya mwisho, ambamo twaonyeshwa mkono wa Knives katika jambo lile.

Mpango huu ni wa werevu, na pia una udhaifu. Werevu wake ni kwamba mtazamaji hukutana na wema kabla ya kukutana na hatia, hivyo hatia ifikapo haiwezi tena kumfanya amkatae mhusika. Udhaifu ni kwamba usahaulifu wa Vash unamlinda kuliko inavyostahili. Mtu asiyekumbuka mji alioungamiza hawezi kuulizwa kwa ukali ule anaoulizwa mtu akumbukaye. Elizabeth alikuja na swali hilo katika sehemu ya 6, na mfululizo haukumrudia ili kumpa jibu baada ya ukweli kujulikana. Kila lawama imesogezwa kwa Knives. Vivyo hivyo Rem, ambaye kumbukumbu ya Vash imemtakasa mno, hapewi doa hata moja la kibinadamu. Mhusika wa namna hiyo ni nuru zaidi ya kuwa mtu, na mafunzo yake hayapimwi ndani ya kisengerenyuma chenyewe. Yanaachwa yapimwe baadaye.

KIAPO BAADA YA UFICHUZI

Na kwa kweli yanapimwa. Baada ya sehemu ya 17 futuhi haitoweki kabisa, lakini inapojitokeza huonekana kama kumbukumbu ya furaha ya zamani. Swali linaloongoza sasa ni hili: je, kiapo cha kutoua, kilichorithiwa kutoka kwa mtu aliyekufa, chaweza kushikwa na mtu anayeishi katikati ya wauaji? Wolfwood anashikilia kwamba hakiwezi. Anapompiga risasi mtoto Zazie, aliyekuwa tayari kuua, anatenda lile lile alilolitetea Knives mbele ya utando wa buibui, ingawa nia yake ni kuokoa. Mzozo wake na Vash juu ya tendo hilo ni miongoni mwa mazungumzo mazito kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa kila mmoja ana maiti za kutolea ushahidi. Katika sehemu ya 23 Wolfwood anakufa kanisani, akiwa amegeukia kwa kiasi fulani njia ya rafiki yake, na mfululizo una haya ya kutosha kutomfanya kifo chake kithibitishe hoja ya yeyote.

Sehemu ya 24 ndiyo mtihani wenyewe. Legato anatumia uwezo wake wa kutawala miili ya watu, na Meryl na Milly wako karibu kuuawa. Njia pekee aliyoachiwa Vash ni kumwua Legato, na anamwua. Kicheko chote cha mwanzo chalipwa hapa, kwa sababu mtazamaji amekwisha kuona mara nyingi jinsi Vash alivyokwepa uchaguzi huu kwa vituko, kwa bahati na kwa shabaha ya ajabu. Mara hii hakuna kituko kinachobaki. Kipepeo ameokolewa na buibui ameuawa, na aliyefanya hivyo ni yule mtoto aliyekataa kuchagua.

Mfululizo unastahili sifa kwa kufika hapo. Tatizo ni hatua inayofuata. Katika sehemu ya 25 Vash yu mgonjwa wa mwili na roho, na watu wenye hasira wanapomkabili, Meryl anasimama mbele yao na kusema kwa namna inayomkumbusha Vash sauti ya Rem. Kwa upande wa fani, tukio hili limepangwa vizuri: yule aliyekuwa wa kwanza kukataa kwamba huyu ni Vash ndiye sasa anayemkinga kwa kuwa ni Vash. Lakini kwa upande wa maudhui, swali la Legato linafunikwa na faraja. Mtazamaji aambiwa kwamba aliyeua aweza kuendelea kuishi, jambo ambalo ni kweli. Haambiwi kama kiapo kimevunjika, kimebadilika, au kilikuwa hakiwezekani tangu mwanzo. Katika sehemu ya mwisho Vash anamshinda Knives bila ya kumwua, anaiacha bastola na koti jekundu, na anaondoka akimbeba ndugu yake mgongoni. Picha hiyo ni nzuri, na huleta tena wepesi wa roho uliokuwa umepotea. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kumsamehe ndugu wa damu kuliko kujibu kwa nini Legato, asiye ndugu, hakupata nafasi ile ile.

ULINGANISHO NA MFULULIZO WA 2023

Umuhimu wa mpangilio wa mwaka 1998 huonekana vyema zaidi ukilinganishwa na Trigun Stampede, mfululizo wa sehemu 12 uliotengenezwa na studio ya Orange chini ya uelekezaji wa Kenji Muto na kuonyeshwa mwaka 2023. Kazi hii inaanza na yale ambayo ile ya awali iliyaficha hadi sehemu ya 17: kuanguka kwa vyombo vya angani na Rem akiwaokoa watoto. July, ambayo hapo awali ilikuwa habari ya kale, sasa ni tukio ambalo hadithi inalielekea, na mtazamaji analishuhudia likitendeka mwishoni. Kwa ufupi, historia imenyooshwa kufuata kalenda.

Faida zipo. Knives anapata uzito tangu mwanzo, na ile fumbo ya viumbe waliomo katika balbu, ambayo mfululizo wa 1998 haukuieleza kwa uwazi, inapewa nafasi yake. Lakini Vash wa mwaka 2023 ni mtu wa huzuni tangu mtazamaji amwonapo. Akicheka, kila mtu ajua kwa nini. Hakuna anayekosea juu yake isipokuwa wahusika, na mtazamaji hubaki salama juu ya kosa lao. Toni imekuwa moja zaidi, na lawama ya kazi mbili zilizoshonwa pamoja haiwezi kutolewa tena. Lakini pamoja na mshono umeondoka pia ule mshtuko wa mtu kugundua kwamba alikuwa akicheka msibani.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mabadiliko ya toni katika Trigun ya 1998 yanatokana na uamuzi mmoja wa kisimulizi: kuitanguliza sifa ya mhusika, kuifuatisha kwa kicheko, na kuchelewesha historia mpaka uvumi uthibitike. Uamuzi huo unamfanya mtazamaji atende kosa lile lile la watu wa sayari ile, yaani kumhukumu mtu kwa sehemu ya habari zake. Wao walimhukumu kwa matendo bila ya nia. Mtazamaji alimhukumu kwa vituko bila ya matendo. Hakuna aliyekuwa na habari kamili.

Kasoro za kazi hii nazo zina chanzo kile kile. Historia iliyofichwa kwa muda mrefu hupata thamani kubwa, na mtunzi hushawishika kuiamini kupita kiasi. Rem akageuzwa kuwa nuru, July ikageuzwa kuwa kosa la Knives, na kifo cha Legato kikaachwa bila ya hesabu. Mhakiki atakayeichunguza zaidi mbinu ya kisengerenyuma, iwe katika katuni, riwaya au tamthilia, atafanya vyema kuuliza mambo mawili kwa pamoja: ufichuzi umetufunulia nini juu ya mhusika, na umemwondolea mhusika maswali gani ambayo yalipaswa kubaki naye. Trigun hujibu la kwanza kwa ustadi usio wa kawaida. La pili limebaki mikononi mwa Elizabeth wa July, ambaye aliuliza mapema kuliko wote na hakurudiwa tena.